Kabureta kwa Redio

Fika kabla umande haujakauka juu ya bampa.
Saa tatu umechelewa: vya maana vimeshahama
kutoka buti hadi buti, chini ya turubai, kwa kunong'ona.
Beba sumaku ndogo. Rangi mpya humdanganya hata fundi,
sumaku haidanganyiki.
Beba uzi wenye mafundo wa kupimia,
na noti ndogo ndogo, usije ukaambiwa chenji hakuna.
Na macho yako yaache nyumbani.
Ukikiona ulichokijia, uliza bei ya kilicho kando yake.

Haya nilifunzwa na baba,
ambaye macho yake yalimgharimu taa moja ya nyuma
mara tatu.

Leo nimetoka Njoro na macho yangu mwenyewe.
Menengai iko mgongoni, vumbi limeamka kabla yetu.
Wabwile ameshuka kutoka Webuye na Bedford nzima ya milango,
milango isiyo na nyumba, imeegemeana
kama wageni waliokesha matangani.
Harbhajan ametandika shuka jeupe,
plagi amezipanga mafungu mafungu kama viazi.
Nyambane ana mkebe wa biskuti uliojaa nati:
"Chovya mkono! Utakachotoka nacho, hamsini!"
Na kijana mmoja anauza usukani, usukani tu,
amekaa chini anauzungusha polepole,
sijui anaelekea wapi.

Kwa Barngetuny wa Ravine nikaiona.
Soleksi, ya Pijo 404, ndani ya gazeti
kama ratili ya nyama.
Nikauliza bei ya jeki.
Akacheka mpaka kofia ikamtoka.
"Binti, waulizia jeki na kidole kimeshika kabureta?"

Nikatoa noti. Akazirudisha.
"Pesa zikifika kwangu ni za mke wangu.
Nionyeshe kiondo."

Vifuniko viwili vya ringi: anavyo.
Kioo cha pembeni: kina ufa.
Chini kabisa, ndani ya sweta,
redio.

Sikuileta kuiuza.
Gari lisiloondoka huibwa kidogo kidogo,
nikaogopa kuiacha.

Saa saba mchana, baba alikuwa akisimamisha pikapu
popote alipo, magunia ya pareto yakinukia nyuma yetu,
akainua kiganja: kimya.
Matangazo ya vifo.
Wa Subukia, wa Elburgon, wa Molo,
watoto wao, wakwe zao, siku ya mazishi.
Asiposikia jina analolijua, aliwasha sigara.
Akilisikia, alizima injini,
tukakaa hapo, mimi na yeye na magunia,
mpaka bonde lote likasikika.

Lake lilitangazwa kwenye redio ya jirani.
Hii ilikuwa garini, betri imekufa.

"Gari haliendi kwa redio," Barngetuny akasema.
Kisha akalisema tena, taratibu,
kama mtu anayejishauri mwenyewe.

Nikampa.
Akaipangusa kwa mkono wa koti,
akageuza kitufe, kikalia *tik*,
akatega sikio kana kwamba kuna mtu ndani.
Akaniongezea jeki. Sikuwa nimeiomba.

Nimeshinda au nimepunjwa?
Njia nzima nilikuwa na sumaku mfukoni
nisijue niibandike wapi.

Jumanne injini ikakohoa mara nne,
ya tano ikashika, kuku wakatawanyika,
mama akatoka jikoni na mwiko mkononi
akasimama mlangoni, asiseme kitu.

Kwenye dashibodi kuna tundu la mstatili,
nyaya mbili nyekundu zinachungulia.
Humo naweka njugu na leso.

Jana nilikuwa barabara ya Mau Narok
saa saba kamili.
Nikajikuta nimeegesha kando, kiganja juu,
nasikiliza tundu.
Lori likapita. Upepo ukapita.
Injini nikaiacha iwake.